Fonda: moyo laini, yai limeiva

 

Juma hili tunajibu swali ambalo limetufikia kutoka vikundi vitatu. Mabinti zetu wanaosoma Kolwezi na Lubumbashi wamerudi likizo na simu zilizojaa picha za keki moja ndogo nyeusi. Kijiko kinaingia, keki inapasuka, shokola inatiririka kama mchuzi. Wanaiita fondant, na sisi hapa tayari tunatamka fonda. Mabinti wanataka kuipika. Mama mmoja akatuuliza waziwazi: "Mwalimu, ile keki katikati ni mbichi. Sasa tuwape watoto kitu kibichi?"

Mama huyo ameona sawasawa. Katika fonda nyingi za picha zile, kile kinachotiririka ni unga, sukari, siagi na yai ambavyo moto haujavifikia. Mpishi anawasha foro kali, anaacha keki dakika 8 au 10, pembeni inaiva, katikati inabaki maji. Ulaini wake ni ulaini wa ubichi. Hotelini Ulaya, yai lilitoka kwa kuku jana na limekaa ndani ya friji, wanaweza kujaribu bahati. Sisi wa Musumba tunajua yai letu linatoka wapi. Ama ni la kuku wa kijiji, nalo ni zuri kama tunajua siku lilipotagwa, ama limetoka Kolwezi kwenye plato ya 30, limepita Kasaji na Sandoa juu ya lori, likapigwa na jua, na wakati wa mvua lori limelala njiani siku kadhaa. Yai la namna hiyo si la kula bichi. Kuna kidudu kinaitwa salmonela, kinakaa juu ya ganda na mara nyingine ndani ya yai lenyewe, wala hakibadilishi harufu wala rangi. Kinaleta homa, tumbo kukata na kuhara. Mtu mzima mwenye nguvu atateseka siku chache na kupona. Mtoto mdogo, mama mwenye mimba na mzee wanaweza kupotea.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kifike joto la digrii 70 katikati yake. Hatuna kipimajoto jikoni, lakini tuna macho: yai lililofika huko limeshikana, halitiririki tena.

Basi, je, tuache fonda? Hapana. Neno lenyewe la Kifaransa linasema kitu kinachoyeyuka mdomoni, halisemi kitu kibichi. Na kuna njia mbili za kupata ulaini pamoja na yai lililoiva. Mabinti wakizielewa, watapika fonda yoyote wanayotaka, ya sukari au ya chumvi, bila kutuomba resete kila mara.

Njia ya kwanza ni kuweka moyo. Katika mwaka 1981 mpishi mmoja wa Ufaransa, Michel Bras, alitengeneza keki ambayo ndani yake aliweka kidonge cha shokola na krimu kilichogandishwa kwa baridi. Keki ikaiva pande zote, kidonge kikayeyuka ndani. Wale waliomfuata waliona kazi ni nyingi, wakafupisha: wakaacha tu katikati pasiive. Ndiyo hiyo iliyozunguka dunia na kufika kwenye simu za watoto wetu. Sisi turudie akili ya yule wa kwanza, maana shokola ya kibao inayeyuka kwa joto dogo sana, hata mkononi mwa mtoto inayeyuka, wala haina yai ndani yake. Ikiwekwa katikati ya unga, itakuwa maji wakati unga umeiva kabisa.

Njia ya pili ni kutumia kitu ambacho chenyewe kinashika maji: kiazi kitamu, boga, ndizi iliyoiva sana, karanga iliyosagwa. Hivi hata ukipika saa nzima vinabaki laini. Mnalijua hilo tayari, hakuna aliyewahi kula kiazi kitamu kilichopikwa vizuri akasema ni kikavu kama biskuti.

Kabla ya resete, tuongee juu ya moto, sababu foro ya umeme ni ya wachache, na hata hao wachache wanategemea siku umeme utakapokuja. Mbabula inatosha. Chukua sufuria kubwa nzito yenye kifuniko kinachofunga. Weka mchanga safi mkavu ndani, kimo cha vidole viwili au vitatu, uchomwe moto dakika 15 huku imefunikwa. Juu ya mchanga ndipo yanasimama makopo au vikombe vya emaye vyenye unga wetu. Funika, kisha panga makala yanayowaka juu ya kifuniko. Makala mengi yawe juu, machache chini, maana keki inaungua chini mapema kuliko kuiva juu. Kujua joto, weka kijiko kimoja cha unga wa ngano juu ya sahani ya bati ndani ya sufuria. Unga ukigeuka rangi ya hudhurungi ndani ya dakika 5, moto ni mkali, punguza makala kidogo. Ukichukua dakika 10, moto ni wa kadiri, na huo ndio tunaotaka. Kazi hii ifanyike nje au mahali wazi. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa moshi usioonekana, na moshi huo unaua watu wakiwa usingizini.

Yule ambaye hana nafasi ya mchanga atumie mvuke: sufuria yenye maji vidole viwili, mawe madogo chini, bakuli lenye unga juu ya mawe, kitambaa kilichofungwa chini ya kifuniko ili matone yasiangukie keki. Fonda ya mvuke haina ganda gumu juu, lakini laini yake inapita ile ya foro. Kwa maoni yetu ndiyo inayofaa zaidi kwa mikono inayoanza, kwa kuwa haiungui. Dada wa Kolwezi wakumbuke kwamba mji wao uko juu, zaidi ya mita 1,400, na huko maji yanachemka karibu na digrii 95 badala ya 100. Waongeze dakika tano au saba.

Tuanze na ile ya picha, ya shokola. Kwa vikombe sita vidogo: mayai 3 ya plato, au 4 ya kuku wa kijiji kwa sababu ni madogo, nusu glasi ya sukari, gramu 100 za margarini, au vijiko 7 vya mafuta, vijiko 5 vya supu vya kakao ya unga, vijiko 6 vya unga wa ngano, chumvi kidogo sana. Na vipande sita vya shokola ya kibao, kimoja kimoja kwa kila kikombe. Tazama hesabu: vipande sita tu, kibao kimoja kinabaki na sehemu ya siku nyingine. Resete za Ulaya zinaomba vibao viwili vizima, na shokola inafika kwetu kutoka mbali kwa bei ya mbali. Inashangaza kidogo, maana kakao inalimwa hapahapa katika nchi yetu, Beni na Ituri, lakini inatoka ikiwa mbegu na kurudi ikiwa imevaa karatasi ya dhahabu.

Yeyusha margarini, changanya na kakao mpaka hakuna tena madonge. Piga mayai pamoja na sukari dakika tano bila haraka. Mkono ukichoka, mpe mtoto, wanapenda kazi hiyo. Mimina kakao iliyopoa kidogo ndani ya mayai. Ikiwa bado ya moto sana, yai litashikana na utapata omeleti ya kakao. Ingiza unga na chumvi, geuza polepole, acha mara unga unapopotea. Paka vikombe mafuta na vumbi la unga. Jaza nusu, weka kipande cha shokola katikati, funika na unga uliobaki. Kikombe kisijae kupita robo tatu. Katika sufuria ya mchanga ni dakika 15 mpaka 20.

Sasa jambo muhimu. Chomeka kijiti kati ya ukingo na katikati, pembeni ya ule moyo. Kijiti kitoke kikavu. Ukikichomeka katikati kabisa kitatoka na shokola, hutajua ni shokola au ni yai. Mabinti wengi wanachomeka katikati, wanaona utomvu mweusi, wanafurahi. Acha ipumzike dakika mbili, pindua juu ya sahani, kula ingali moto. Ikipoa, moyo unaganda tena. Bado ni tamu, lakini haitiririki.

Nani hana kibao cha shokola? Karanga zetu zinatosha, na wengine tunapenda hii kuliko ile. Kaanga karanga, ondoa maganda, saga mpaka zitoe mafuta yake. Vijiko vitatu vya karanga iliyosagwa, kijiko kimoja cha asali au sukari, finyanga vidonge sita, viache mahali pa baridi. Hivyo ndivyo moyo. Chagua karanga moja moja: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, hata ikiwa ni kidogo, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga. Na asali ya pori letu, tamu namna hiyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe, hata ikiwa ndani ya keki. Kwake weka kiazi.

Ndiyo tunafika kwa kiazi kitamu. Chemsha viazi vya kutosha kujaza bakuli la gramu 500, menya vingali moto, ponda mpaka hakuna nyuzi. Ongeza vijiko 4 vya sukari (kama viazi ni vitamu sana, 2), vijiko 3 vya mafuta, nusu glasi ya maziwa, vijiko 2 vya unga, mayai 3 yaliyopigwa. Bakuli lililopakwa mafuta, mvuke dakika 40 mpaka 45. Kijiti hapa kinachomekwa katikati bila hofu. Ukipata viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, chukua hivyo: rangi ile ndiyo ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A, na mtoto anayeikosa haoni vizuri jioni giza linapoingia. Mtoto wa miezi minane, tisa anakula fonda hii, ila yake ipikwe bila sukari. Shokola ile nyeusi hawezi.

Wengine wametuuliza kama unga wa muhogo unaweza kushika nafasi ya ngano. Unaweza, na fonda inakuwa na mvuto mzuri, lakini hapa tusimame kidogo. Muhogo mchungu unaobeba sumu yake haujali kama umeingia katika bukari au katika keki. Kule Kahemba, jimbo la Kwango, watu wamelemaa miguu kwa ugonjwa wa konzo, na ugonjwa huo daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Unashambulia hasa wamama na watoto, katika miaka ya njaa, wakati watu wanafupisha siku za kulowesha muhogo. Kwa hiyo muhogo wetu uloweshwe siku tatu kamili kama bibi zetu walivyofanya, uanikwe mpaka ukauke. Na kama unga umeununua sokoni na hujui uliloweshwa siku ngapi, kuna njia ambayo wamama wa Kahemba wamefundishwa: changanya unga na maji uwe tope, utandaze juu ya sinia unene usiopita kidole, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inapanda hewani. Kwa keki ni rahisi hata kuliko kwa bukari, maana tope hilo hilo unalitia ndani ya mayai, ukipunguza tu maziwa.

Sasa chumvi. Mabinti hawaamini kwamba fonda inaweza kuwa ya chumvi, lakini Wafaransa wenyewe wanakula fonda ya samaki, na ndiyo tunayopendekeza kwa siku ambapo bukari imechosha nyumba au wageni wamefika bila kupiga simu. Kopo moja la sardini, mayai 3, nusu glasi ya maziwa, vijiko 2 vya wanga wa mahindi au 3 vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha tomati ya kopo, kitunguu kilichokatwa vidogo na kukaangwa, pilipili kwa kadiri ya nyumba. Usitie chumvi kabla ya kuonja sardini. Ponda samaki, changanya vyote, mvuke dakika 30 katika bakuli au 20 katika vikombe. Inatoka laini, inakatwa kwa kijiko, inaliwa moto au baridi. Kopo lililovimba lisifunguliwe, litupwe. Badala ya sardini weka dagaa waliooshwa mara tatu, wakakaangwa na kutwangwa. Ladha ni kali zaidi, na mfuko unapumua. Boga lililochemshwa na kukamuliwa maji linafuata resete hii hii mahali pa samaki.

Ile ya mwisho haina yai hata moja, kwa hiyo inamfaa kila mtu wa nyumbani. Viazi vya kizungu vimenywe, vikatwe vipande vinene vya vidole vitatu, vyenye uso bapa juu na chini. Weka mafuta katika sufuria pana, simamisha viazi, acha uso mmoja ukauke na kuwa rangi ya dhahabu bila kuvigusa, halafu geuza. Watu wanaharibu hapa kwa kukoroga koroga. Kisha mimina mchuzi wa mfupa au wa kuku mpaka nusu ya kimo cha viazi, kitunguu saumu kimoja kilichopondwa, funika, makala machache, dakika 25 mpaka 30. Mchuzi unapanda ndani ya kiazi. Unapokwisha sufuriani, kiazi kiko tayari: nje kina ganda, ndani ni siagi. Kiazi kitamu kinakubali pia, lakini dakika 15 zinatosha, usikisahau.

Juu ya mayai, neno moja la ziada. Yai likiwekwa ndani ya maji na kulala chini, ni jipya. Likisimama wima, limezeeka, lipikwe kabisa siku hiyo. Likielea, litupwe. Jaribio hili linaonyesha umri tu, halionyeshi kidudu, kwa hiyo yai lililolala chini nalo tunaliivisha. Osha mikono baada ya kuvunja maganda, na mtoto anayepiga mayai asilambe kijiko, hata akilia. Mtoto akianza kuhara, maji safi lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo njiani kuelekea kituo cha afya, sio badala ya kwenda.

Na wale wa likelemba ambao wanataka kuuza vikombe vya fonda siku watoto wanapopewa matokeo yao shuleni. Tumefurahi, tutanunua. Lakini fanyeni hesabu kwenye karatasi kabla ya kupanga bei: mayai, sukari, kakao, margarini, makala (wengi wanasahau makala), na kikombe kimoja au viwili vitakavyoungua au kuliwa na watoto wa nyumba. Jumlisheni, gawanyeni kwa idadi ya vikombe vitakavyobaki, ndipo muongeze faida. Pikeni asubuhi ya siku hiyo hiyo, na ile ya chumvi iuzwe kwanza, maana samaki na yai havingoji jioni ndani ya joto. Kilichobaki mpaka giza linaingia kisiuzwe kesho.

Juma lijalo, kama mvua itaruhusu na tukipata mchele, tutaongea juu ya vitumbua.